Tofauti za mikono ya mafundi katika nzi bandia wa kuvulia samaki wa Catskill

Ndugu, umeuliza kwa nini, kati ya nzi wako wawili wa Quill Gordon (aina ya chambo bandia cha ndoana na manyoya), mmoja ana shingo wazi nyuma ya tundu la ndoana ilhali mwingine amejazwa manyoya hadi mbele, na kama huyo wa pili amekosewa. Sidhani. Shingo hiyo ni desturi ya Catskill, jimboni New York, na huelezwa kwamba iliacha nafasi ya kukazia fundo la Turle, linalofunga mshipi kwenye ndoana. Anayetumia fundo jingine haihitaji, ingawa mimi huipenda kwa macho tu.

Tazama zaidi mwili na mabawa: utepe mwembamba wa unyoya wa tausi uliokwanguliwa, mabawa yaliyosimama ya manyoya ya ubavuni mwa bata, na mizunguko michache ya manyoya magumu ya shingo ya jogoo. Waingereza wa enzi ya Halford, mvuvi na mwandishi wa uvuvi wa nzi bandia, waliovua kwenye mito iliyotulia, walipenda mabawa ya vipande vya unyoya wa kwezi, ambavyo huchanika upesi. Lee Wulff, mvuvi wa Marekani, kwa maji yenye kasi, alitumia nywele za mkia wa kulungu. Kwa hiyo, huyo nzi wako aliyejaa manyoya mpeleke kwenye maji yenye kasi.