Masuali Yenu: tetemeko likipita, mferejini yatatoka maji?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari ya miji ya nje inayobadilisha mabomba yake ya maji ili yahimili tetemeko la ardhi, na barua zilizokuja baada ya hapo nyengine za kheri, nyengine za kutugombeza. Nimechagua hizi. Nimezipunguza urefu, na majina nimeyaacha.

SUALI: Assalaam alaykum. Mwanangu yuko Fremont, California, ananambia kwao yalichimbwa mashimo makubwa kwa ajili ya mabomba ya maji ya kuhimili tetemeko na zikaingia pesa za kutisha. Mie nikamwambia tetemeko linaangusha nyumba, bomba liko chini limelala zake, linaogopa nini? Naomba nifahamishwe. (Bi Mkubwa, Chake Chake)

JIBU: Waalaykum salaam Bi Mkubwa. Mwanao hajakwambia uongo. Nyumba ndo tunayoiona ikianguka, lakini inayokwenda ni hiyo ardhi ya chini, na bomba limezikwa humo humo, basi ardhi ikivutika nalo linavutwa, ikibanana nalo linabanwa. Likitikiswa tu kisha ardhi ikarudi pahala pake mara nyingi husalimika. Balaa ni pale ardhi inapohama moja kwa moja: upande mmoja wa ufa (pale ardhi ilipopasuka chini kwa chini) unasogea mita nzima au zaidi, au mlima unaporomoka, au mchanga uliojaa maji unatikiswa mpaka unapoteza nguvu na hauwezi tena kubeba kitu. Hilo la mwisho ndo lenye kuvunja mabomba mengi kwenye miji ya pwani.

Na watu wa California wana kisa chao, hawakuanza juzi. Tarehe 18 Aprili 1906 alfajiri San Francisco ilipigwa na tetemeko la karibu 7.9 kwa kipimo cha ukubwa wa matetemeko, majumba yakaanguka ndiyo, lakini kilichoumaliza mji hasa ni moto, uliwaka kama siku 3, na wazimamoto walikuwepo na mipira walikuwa nayo, wakifungua maji hamna kitu, mabomba yamekatika chini huko. Mwaka 1989 likaja jengine la 6.9, mtaa mmoja unaitwa Marina ukashika moto na mabomba ya pale yakawa yamevunjika vilevile, ikabidi boti la zimamoto lipampu maji ya bahari kuuzima. Na Marina ni pahala palipofukiwa, zamani pwani. Sasa na sie tusijione tuko mbali, maana Darajani na kiwanja cha Mnazi Mmoja napo maji ya bahari yalikuwa yakiingia na kutoka, ndo pakaja kufukiwa.

Maji yenyewe ya San Francisco yanatoka milimani, bonde la Hetch Hetchy ndani ya Yosemite, yanashuka kwa mteremko wake kiasi cha kilomita 270 mpaka mjini, yanahudumia watu milioni 2.7, na njiani yanakatisha nyufa 3 kubwa za tetemeko: Calaveras, Hayward na San Andreas. Huwezi kuihamisha ile njia ikwepe nyufa. Ndo wakatumia dola bilioni 4.8 kuuimarisha mfumo mzima, na shabaha waliyojiwekea, sikiliza hii, haikuwa kwamba bomba lolote lisivunjike. Ilikuwa baada ya tetemeko kubwa maji ya lazima yawe yamerudi ndani ya saa 24. Hapo Fremont kwa mwanao ndo unapopita ufa wa Hayward, na bomba pale wamelipitisha ndani ya chumba kirefu cha zege chini ya ardhi, limewekewa viungo vya kuzunguka na kimoja cha kuingia ndani na kutoka, ufa ukienda nalo linajinyoosha na kujipinda bila kukatika.

Kama unaona ni porojo, kule Alaska kuna bomba la mafuta lililopita juu ya ufa wa Denali, pale waliliweka juu ya boriti ndefu liweze kuteleza. Novemba 2002 likaja tetemeko la 7.9, ardhi ikasogea zaidi ya mita 4 chini ya lile bomba na mafuta hayakumwagika.

SUALI: Mie fundi bomba, kazi zangu nyingi Fuoni na Kwerekwe. Za plastiki, PVC tunatia gundi na PPR tunachoma, ya chuma tunakata uzi. Hayo ya tetemeko ni bomba gani hasa? Na kama nataka gumu si ninunue lenye unene tu nimalize?

JIBU: Fundi, kwa bomba za mtaani unene hautokusaidia sana, maana linaloachia mwanzo mara nyingi ni kiungo. PVC ya gundi imeshikana pale kwenye soketi lakini haina pa kwenda, ikivutwa ama inachomoka ama inapasuka shingoni. Chuma cha zamani cha kasti ndo kabisa, hakipindi, kinakatika. Bomba la uzi linakatikia kwenye uzi kwa sababu pale ndo ulipolipunguza unene mwenyewe. Wazee wetu waliounda mitepe walilifahamu hili jambo: mbao walizishona kwa kamba za makumbi, hawakupiga misumari, chombo kikigusa mwamba kinanepa, hakipasuki.

Wajapani wana bomba za chuma cha DI (ductile iron, chuma kisichokatika upesi kama kasti) ambazo kiungo chake kina ringi ya raba ya kuzuia maji, kama DI nyengine zote, lakini ndani wameongeza na ringi ya chuma ya kufungia. Kiungo kinaweza kutoka au kuingia kiasi cha asilimia 1 ya urefu wa bomba, yaani bomba la mita 6 unapata kama sentimita 6 kila upande, na kinapinda pia kidogo. Kikishafika mwisho wake kinafunga, hakichomoki, kinaanza kulivuta bomba la pili, nalo linatoa sentimita zake, kisha la tatu, hivo hivo mpaka ule msogeo wote umegawanywa kwenye laini nzima badala ya kumalizikia pahala pamoja. Lile tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995 liliua watu zaidi ya 6,400 na nyumba zaidi ya milioni moja zikakosa maji, wengine kwa miezi, lakini mabomba yaliyokuwa na viungo vya namna hiyo yalisalimika. Baadae Los Angeles nao wakaanza kuyajaribu kwao. Bei yake kubwa, tusidanganyane.

Sasa habari nzuri kwako fundi ni kwamba lile bomba jeusi la HDPE, lile dogo linakuja kwa roli na unalijua vizuri, nalo ni katika mabomba bora kabisa kwa tetemeko. Linanyooka, linapinda, na likichomwa kwa mashine kiungo kinakuwa kitu kimoja na bomba lenyewe. Kule Christchurch, New Zealand, matetemeko ya 2010 na 2011 yalifanya mchanga chini ya mitaa mizima ulegee, mabomba ya asbesto yakavunjika kila pahala na ya HDPE yakaumia kidogo sana. Ila sharti uchomaji uwe uchomaji kweli, uso wa bomba ukwanguliwe, hita ifikie moto wake, na likishashikana liachwe lipoe kwenye mashine usilitoe haraka kwa sababu mwenye nyumba kakusimamia kichwani. Na pahala pengine pa kuangalia ni pale bomba linapoingia kwenye ukuta wa tangi au chemba ya zege, kwa sababu zege haliendi na bomba linakwenda, basi linakatwa hapo hapo ukutani. Acha nafasi, weka kiungo chenye kucheza.

Unene una kazi yake kwenye yale mabomba makubwa ya chuma yanayochomelewa weldi, yanayobeba maji ya mji mzima. Huko sawa. Lakini mabomba hayo huko Fuoni huna.

SUALI: Zanzibar tetemeko lini? Mnatafuta habari za kujaza gazeti. (Msomaji, Michenzani)

JIBU: Tarehe 12 Agosti 2020, usiku mara tu baada ya saa 2. Kiasi cha 6, lilianzia chini ya bahari kusini mashariki ya Dar es Salaam, likasikika Dar, Unguja mpaka Mombasa, na kuna watu walishuka ngazi za hayo majumba ya Michenzani mbio, kama wewe ulikuwa umelala hongera. Halikuleta maafa kwa sababu lilikuwa mbali baharini. Lile la Bukoba la 10 Septemba 2016 lilikuwa 5.9, dogo kuliko hilo, lakini lilipiga karibu na watu na likaua zaidi ya 15.

Na Pemba siyo kisiwa kilichokaa kimya kama mnavyodhani. Ule mkondo baina ya Pemba na Tanga kina chake kinapita mita 700, wakati huu wa kwetu baina ya Unguja na Bagamoyo ni wa makumi ya mita tu. Kina kile kimetokana na ardhi kupasuka na kushuka pembeni ya Pemba. Ni habari za zamani mno, mamilioni ya miaka, na sie siyo Japani wala California, hilo nakukubalia. Lakini bomba ukilizika leo unataka likae miaka 50 au zaidi.

SUALI: Sie huku Makunduchi maji yanatoka siku moja kisha tunakaa siku kadhaa tunateka kwa jirani mwenye kisima, watoto wanachelewa skuli kwa madumu. Leo mnatuletea mabomba ya tetemeko! Kwanza tupeni maji.

JIBU: Umesema kweli na sikubishii. Mtu akija hapa na mpango wa kung'oa mabomba yote ya Unguja na Pemba kuweka ya Kijapani, mie wa mwanzo kumpinga. Lakini angalia vizuri utaona hayo mambo mawili yanakwenda njia moja.

Maji yao wale wa San Francisco yanashuka yenyewe kutoka mlimani. Yetu sehemu kubwa yako chini ya mawe, lazima yapandishwe kwa pampu, na pampu inataka umeme, na umeme wa Unguja unapita kwenye waya wa chini ya bahari kutoka bara. Mwaka 2008 umeme ulikatika karibu mwezi mzima, kisha Disemba 2009 mpaka Machi 2010 miezi 3, na kila mtu wa Unguja mwenye umri anakumbuka foleni za ndoo za siku zile. Tetemeko halikuwepo na hakuna bomba lililovunjika. Kwa hivo ukiniuliza shilingi ya mwanzo ya kujikinga na tetemeko iende wapi, nitasema jenereta kwenye visima vikubwa, matangi mahala pa juu, na valvu, tena valvu zinazofungika, maana nyengine zimezikwa chini ya lami na hakuna ajuae ziko wapi. Tetemeko likikata laini moja, kama huna valvu ya kuitenga, tangi zima linamwagika barabarani na hata mwenye laini nzima anakosa. Wajapani kwenye matangi yao mengi wana valvu inayojifunga yenyewe ikihisi mtikisiko. Kobe baada ya 1995 wakachimba na bomba kubwa ndani sana ya ardhi, linasafirisha maji na wakati huo huo linayahifadhi kwa siku ya dharura.

Halafu yale mabomba yanayovuja. Bomba linalovuja kiunganishoni leo ndo hilo hilo litakaloachia mwanzo ardhi ikitikisika, na maji yanayopotea njiani ndo hayo hayo hayakufikii wewe Makunduchi. Yanabadilishwa? Basi yakibadilishwa pale yawekwe yenye viungo vya kucheza na kufunga, mtaro si umeshachimbwa, na uchimbaji kwenye maweni yetu ndo unaokula pesa. Kianzwe kipande cha kisima mpaka tangi, tangi mpaka spitali, Mnazi Mmoja huku na Abdalla Mzee kule Mkoani, mitaa ifuate polepole. Hata Japani hawajamaliza: tetemeko la Noto la tarehe 1 Januari 2024, la 7.6, liliikuta miji midogo kama Wajima na Suzu bado ina mabomba mengi ya zamani, na watu wakakaa miezi bila maji ya mfereji, nchi tajiri vile.

SUALI: Mie mwalimu Wete, nina simtanki juu ya nguzo za matofali. Nifanye nini?

JIBU: Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, na limekaa juu ya matofali uliyopanga. Hilo ndo la kushughulikia kabla ya bomba lolote. Nguzo zifungwe kwa nondo na ringi ya zege juu, au ulishushe chini kabisa kama presha inaruhusu, na lifungwe kwa mkanda lisiteleze. Pale linapotoka bomba weka kipande cha mpira unaopinda, siyo PPR iliyonyooka moja kwa moja mpaka ukutani, na koki iwe pale pale chini ya tangi mkono unapofika. Ardhi ikitikisika, funga koki kwanza, laini ya ndani ikivunjika tangi lako linabaki limejaa. Maji ya kisima baada ya tetemeko usiyaamini hata yakiwa meupe, mawe yetu haya yana matundu na choo cha jirani hakiko mbali, yachemshe mpaka yapimwe. Na weka akiba ya kunywa pembeni, Wajapani wanaambiwa lita 3 kwa mtu kwa siku, za siku 3 kwa uchache, kwa hivo nyumba ya watu 6 ni lita 54, madumu 3 ya lita 20 yanatosha na yanabakia kidogo.