Maswali ya Wasomaji: Taa ya Chumbe na meli zilizolala chini

Mwezi huu zimefika barua nne kuhusu minara ya taa ya visiwani kwetu. Nazijibu kama zilivyofuatana.

SWALI: Assalaam alaikum babu. Skuli yetu ilitupeleka kisiwani Chumbe, tukapanda mnara wa taa, ngazi 130 na ushei, mpaka miguu ikatetemeka. Tuliambiwa ulijengwa mwaka 1904. Sikuwahi kuuliza: zamani nani alikuwa akiiwasha taa ile, na aliishi vipi kule peke yake?
Mwanafunzi, Fuoni

JIBU: Waalaikumu salaam mjukuu wangu. Peke yake hakuwa. Ile nyumba mliyopokelewa, chini ya mnara, ndiyo iliyokuwa nyumba ya mlinzi wa taa na watu wake, na ule msikiti mdogo wa mtindo wa Kihindi uliopo jirani ulijengwa wapate pa kusali. Kisiwa chenyewe urefu wake ni kama kilomita moja tu, na hakina maji matamu. Kwa hiyo kabla hujaifikiria taa, fikiria ndoo. Maji ya kunywa ni ya mvua, au yaletwe kwa mashua. Unga, mchele, kibiriti, dawa ya mtoto mwenye homa, vyote vinangoja bahari itulie, na kusi likishika, mashua hairudi siku unayoitaka wewe.

Kazi yenyewe ilikuwa ya usiku. Taa ya mafuta haitaki mtu wa kusinzia. Utambi ukipanda kidogo tu kupita kiasi, inatoa moshi. Moshi unatia kioo masizi. Na kioo kikishaingia masizi, nahodha aliye mbali haoni kitu, ingawa wewe uliye huku juu unaona mwanga wa kukutosha kusomea msahafu. Hilo ndilo linalonigusa kila ninapowakumbuka walinzi wale. Mtu anafuta kioo kwa kitambaa usiku kucha, kwa ajili ya watu ambao hatawaona wala hawatamshukuru.

Mwaka 1926 mnara ukatiwa mtambo wa gesi ya asetilini, ileile wanayotumia mafundi wa kuchomea vyuma. Katika taa za namna hiyo gesi hutoka kwenye mitungi na kujikusanya kidogo kidogo ndani ya kifaa. Kikijaa hufunguka, gesi ikakutana na kimoto kisichozimika, ikawaka, ikazima, ikaanza kujikusanya tena. Aliyezifanya taa hizi ziaminike ni Msweden Gustaf Dalén. Alibuni mpaka kifaa cha kuzima taa chenyewe kunapokucha: ufito mweusi unaonyonya mwanga wa jua, ukapata joto, ukatanuka, ukaziba gesi. Alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912. Mwaka huohuo gesi ilimlipukia kwenye majaribio, akapofuka macho yote mawili.

Kule kuwaka na kuzima kuna kazi yake, na mimi nilifundishwa hivi. Ujana wangu nilikuwa baharia wa jahazi la boriti, Rufiji na Unguja. Usiku mmoja nimekaa omo, mbele ya chombo, usingizi umenibana, nikaona mwanga, nikapiga ukelele: "Chumbe ile!" Nahodha hakunijibu. Alinijia mpaka nilipo, akanishika kiganja akakilaza juu ya ubao, akaanza kugonga kwa kidole pembeni yake: moja, mbili, tatu, mpaka mwanga uliporudi. Akagonga tena. Mara tatu. Ndipo aliposema, "Haya, sasa ndiyo Chumbe." Kila taa ina hesabu yake, na taa jirani hazipewi hesabu moja, ili nahodha asije akaingia kwenye mwamba akidhani anaingia bandarini. Mzee yule hakujua kusoma ramani ya Kizungu hata mstari mmoja, lakini hesabu za taa kutoka Mafia hadi Mombasa zilikuwa kichwani mwake kama Juzuu Amma.

Kwa kuwa nimeitaja Rufiji, nikuongezee hili. Alfajiri ya Jumapili, 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitoka kwenye delta ya Rufiji, ikapandia mlango wa kusini, huohuo wa upande wa Chumbe, ikaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga mbele ya mji wa Unguja ikitengenezwa mitambo. Mizinga ya Pegasus haikuwa na uwezo wa kufika ilipo Königsberg. Walikufa watu 38, na meli ikazama. Baadhi yao wamezikwa Chapwani, kile kisiwa kidogo kilicho mbele ya mji. Makaburi yapo mpaka leo. Königsberg ilirudi Rufiji, na huko ndiko ilikoishia, Julai 1915.

SWALI: Mimi mvuvi wa Makangale, Pemba. Kwa nini mnara wetu wa Ras Kigomasha ni wa chuma na wa Nungwi ni wa mawe? Na kwa nini wakauweka huku, pembeni kabisa, pasipo na bandari?
Mvuvi, Makangale

JIBU: Ndugu yangu, minara ya chuma ya zama zile (wenu ni wa mwaka 1900) ilikuwa ikitengenezwa vipande vipande kiwandani, ikaja kwa meli, ikafungwa kwa boliti hapohapo. Pahala palipo mbali na waashi na tanuri za chokaa, hilo ni jambo kubwa.

Kuhusu pahala, wewe mvuvi unajua kuliko mimi. Huku Unguja, upande wa bara, ukitupa bildi, ile timazi ya kupimia kina, unapata chini. Maji yakipungua kina unajua unakaribia fungu. Magharibi ya Pemba huna bahati hiyo. Mkondo una kina cha mamia ya mita, kamba ya bildi inakwisha mkononi hujagusa kitu, halafu ghafla mwamba uko mbele yako. Bahari isiyokupa onyo chini lazima uwekewe onyo juu. Na chombo kinachoshuka kutoka Mombasa, hiyo pembe yenu ndiyo ya kwanza kuikuta.

SWALI: Bibi alikuwa akisimulia kwamba Forodhani palikuwa na mnara wa taa, na meli iliyozama ambayo milingoti yake ilikuwa ikionekana juu ya maji. Ni kweli au ni ngano?
Msomaji, Malindi

JIBU: Ni kweli yote mawili. Mnara ulikuwa mbele ya majumba ya Sultani, nao uliharibiwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimia saa moja. Jumba la Beit al-Ajaib lililo hapo lilipokarabatiwa mwaka uliofuata ndipo likapata mnara wa saa, ule ulioanguka Disemba 2020. Meli ni Glasgow, ya Sultani mwenyewe, iliyozamishwa siku ileile. Ilikaa kwenye tope la bandari na milingoti yake nje mpaka mwaka 1912, ilipoondolewa. Na si hiyo tu: mwishoni mwa 1902 meli ya kutandika nyaya za simu, Great Northern, iliishia kwenye miamba karibu na mji. Mabaki yake yapo kwenye mita kama 12, na wapiga mbizi huenda kuyatazama.

SWALI: Kaka yangu alikuwamo kwenye boti iliyozama karibu na Chumbe, Julai 2012. Hakupatikana. Mnara uko palepale, miaka yote, na mimi nimeishi na swali moja: taa ilikuwa imezimwa? Na nikitaka kumsomea Fatiha, nikasimame wapi?
Dada yake, Jang'ombe

JIBU: Dada yangu, barua yako nimeisoma nikaiweka, nikairudia baada ya sala ya Isha. Pole sana. Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yako na wenzake.

Taa haina lawama katika hili. Boti hiyo, MV Skagit, ilipatwa na msiba mchana, tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam na watu wapatao 290, watoto 31 miongoni mwao. Mchana taa haina kazi. Mnara wenyewe ndio alama. Nahodha hakupotea njia. Julai kusi liko kwenye kilele chake, na kati ya Dar na Chumbe mawimbi huja ubavuni. Boti ile ilijengwa mwaka 1989 kwa maji ya ndani ya jimbo la Washington huko Marekani, maji yaliyokingwa na nchi kavu. Miezi kumi kabla yake meli ya Spice Islander ilizama usiku nje ya Nungwi ikielekea Pemba, na Nungwi nako kuna mnara. Ile ilikuwa imejaza watu kupita kiasi chake. Taa humwonyesha nahodha mwamba ulipo. Haipunguzi abiria, wala haitulizi upepo.

Kwa hiyo kama kwa miaka hii umekuwa na kinyongo na mtu uliyedhani alilala zamu, mwachie.

Fatiha inamfikia popote utakapoisomea, hata jikoni kwako. Lakini naelewa unachokitaka. Nenda pwani ya Chukwani jioni, maji yakiwa yamejaa, utazame kusini-magharibi. Utaona mstari mweusi wa miti na mnara umechomoza juu yake. Maji yale yako upande huo. Nenda na mtu, usiende peke yako, na ubaki kidogo mpaka magharibi iingie.