Mkufu wa dhahabu uliofifia: acha dawa ya meno

Dada uliyeuliza jinsi ya kuung'arisha mkufu wako wa karati 22, usiusugue kwa dawa ya meno, tafadhali. Ina chembechembe zinazokwaruza, na dhahabu ya karati 22 ni laini. Mara nyingi kinachoifubaza ni losheni, jasho na manukato yaliyoganda kwenye vipingili. Tia tone la sabuni ya vyombo kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, loweka dakika 15, kisha pitisha mswaki laini wa mtoto, hasa upande wa nyuma na penye kifungo. Suuza ndani ya bakuli, si kwenye sinki lenye tundu wazi! Kama una lulu, usiloweke. Ufute tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Ukifua kwa jiki, vua vito vyote. Jiki hula madini yaliyochanganywa na dhahabu, na pete ya karati 9 au 14 inaweza kupasuka.

Kuhifadhi, kila kipande kiwe na kifuko chake, mkufu ukiwa umefungwa kifungo usijisokote. Bangili za marehemu mama zilikaa kwenye kopo moja na pete ya almasi. Mikwaruzo ile naiona hadi leo nikizivaa.