Kabla hujagusa skrubu ya sailensi

Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya pantoni ya Msangamkuu na abiria nyuma. Kila nikiachia resi, pikipiki inazima. Nawasha, inazima. Mwenzangu mmoja akachomoa bisibisi, akakaza skrubu ya sailensi, yaani ya mngurumo wa injini ukiwa umeachia resi, mpaka injini ikawa inalia kama cherehani. "Tayari hiyo, kaka." Nikamshukuru, nikaendesha hivyo miezi miwili.

Nilivyolipia ni hivi: gia ya kwanza ikawa inaingia kwa kishindo, mafuta yakawa hayakai, na nikishuka kutoka Newala kwenda Masasi, pikipiki inanisukuma hata nimeachia resi kabisa, breki ndizo zinafanya kazi yote. Kumbe ugonjwa ulikuwa mpira unaounganisha injini na kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Ulipasuka, ukawa unavuta hewa ya pembeni. Mpira wenyewe bei yake haifiki nusu ya petroli niliyochoma bure.

Kwa hiyo mimi sasa skrubu naigusa mwisho. Kwanza natazama waya wa resi uwe na uchezaji kidogo. Injini ikinguruma, nazungusha usukani kulia na kushoto. Sauti ikipanda, waya unavutwa, kabureta haina kosa. Kisha narushia maji kidogo kwenye ule mpira. Mngurumo ukibadilika, pana upenyo. (Wapo wanaorushia petroli kwenye injini ya moto. Usiwaige.)

Halafu eya klina, yaani chujio la hewa. Huku kwetu ukibeba mifuko ya salfa ya mikorosho, ule unga unaingia kila mahali. Sponji ikiziba, hewa inapungua, petroli inazidi, plagi inakuwa nyeusi kwa masizi na sailensi inayumba. Ioshe kwa sabuni, ikauke, ipake oili kidogo na uikamue.

Hapo sasa shika bisibisi. Injini iwe imepata moto, umeiendesha kama dakika kumi, na choki umeirudisha, haifanyi kazi. Ukirekebisha asubuhi ikiwa baridi, saa nne utarekebisha tena.

Skrubu ziko mbili. Ile kubwa inainua mizunguko ya injini tu. Ile ndogo ndiyo ya mchanganyiko wa petroli na hewa, na ndiyo inayobishaniwa vijiweni: ikiwa upande wa injini, kuifungua kunaongeza petroli, ikiwa upande wa eya klina, kuifungua kunaongeza hewa. Injini ikiwa imezimwa, ikaze taratibu mpaka igote, usilazimishe, ncha yake itaharibika. Hesabu imezunguka mara ngapi, uandike hata kiganjani. Irudishe mzunguko mmoja na nusu hadi miwili, hapo ndipo pa kuanzia kwa pikipiki nyingi hizi za cc 125 na 150. Washa, kisha izungushe robo robo, ukisubiri kidogo kila mara. Kuna mahali mngurumo utapanda wenyewe na kutulia. Iache hapo. Ndipo ushushe kwa ile kubwa mpaka kama mizunguko 1,400 kwa dakika. Kama dashibodi yako haina mshale wa mizunguko, sikiliza: injini isitetemeke kutaka kuzima, wala isilie kama ina haraka.

Piga resi, uachie ghafla. Mngurumo ukining'inia juu kabla ya kushuka, petroli ni kidogo. Ukizama karibu kuzima ndipo uinuke, petroli imezidi. Ongeza au punguza robo, ujaribu tena.

Na kama unazungusha ile ndogo na hakuna kinachobadilika, acha. Jeti ndogo, kile kitundu cha kupitisha petroli ya sailensi, imeziba, hasa kama unanunua mafuta ya chupa njiani. Fungua kabureta, mwaga uchafu wa bakuli lake la chini, pulizia jeti kwa kompresa. Usiichokonoe kwa waya wa breki. Nilishawahi, tundu lilipanuka, na jeti mpya nikaifuata Mtwara mjini.