Barbour kwanza, Blind Harry baadaye

Ndugu, umeuliza uanze na utenzi upi ili uelewe vita vya Waskoti dhidi ya Uingereza: The Bruce, unaomhusu Robert Bruce, mfalme wa Waskoti, au The Wallace, unaomhusu William Wallace, kiongozi wao wa vita. Anza na The Bruce. John Barbour, shemasi mkuu wa Aberdeen, aliutunga utenzi huo miaka ya 1370, yapata miaka 60 tu baada ya mapigano ya Bannockburn ya 1314, ambapo Bruce aliwashinda Waingereza. Ila msome kwa tahadhari: mfalme wa wakati huo, Robert II, alikuwa mjukuu wa Bruce, na ndiye aliyempa Barbour malipo ya kila mwaka. Tena Barbour kamchanganya Bruce na babu yake, wakawa mtu mmoja!

Mshairi Blind Harry alitunga The Wallace miaka ya 1470. Wallace aliuawa London mwaka 1305. Hadithi ni tamu kweli, lakini humo Wallace anafika na jeshi hadi St Albans, mji ulio karibu na London, jambo ambalo halikutokea. Humo utajifunza zaidi chuki za Waskoti wa karne ya 15 dhidi ya Waingereza kuliko habari za Wallace mwenyewe.

Kiskoti cha kale cha tenzi hizi kitakusumbua. Tafuta toleo lenye tafsiri ya Kiingereza cha leo kando, usome beti kwa sauti. Mengi yanaeleweka yakisikika.