Kidonge cha mionzi: panga nyumba kabla ya kupanda boti

Juzi jirani yangu hapa Paje, naye ana tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi kama yangu ilivyokuwa, kaniuliza: "Dada, hiyo iodini ya mionzi haitonitia saratani?" Nilimjibu kama daktari alivyonijibu mimi. Tiba hii, kidonge cha iodini (madini joto) yenye mionzi cha kuituliza tezi, ilianza Boston, Marekani, mwaka 1941, na hatari ya saratani, kama ipo, ni ndogo. Moyo unaokwenda mbio kwa ajili ya tezi hiyo miaka na miaka bila ya kutibiwa ndio wa kuogopwa zaidi.

Kinachotuangusha sisi watu wa pwani ni chakula. Dawa yenyewe ni madini joto, na tezi iliyokwishashiba haiipokei. Mimi nalima mwani, na juisi yake nainywa. Niliuacha siku 14 kabla ya dawa, pamoja na samaki, dagaa na chumvi ya madini joto. Nilikula muhogo wa nazi kwa chumvi isiyotiwa kitu, hadi mama akanionea huruma.

Dar es Salaam kidonge kilitolewa kwenye mkebe mzito wa madini ya risasi. Kidogo tu, nikakimeza kwa maji, sikuhisi lolote. Kazi ilianza baada ya hapo, maana mionzi hutoka kwa mkojo, mate na jasho, na kila siku 8 nguvu yake hupungua nusu. Ndiyo maana sikukimbilia boti nikabanana na watu saa mbili nzima. Nilikaa kwa shangazi, nyumba isiyo mtoto wala mjamzito, siku walizonipangia hospitali. Nikalala peke yangu, kikombe changu mbali, maji mengi, na choo nakimwagia mara mbili. Mwanangu wa miaka mitatu nilimuona kwenye simu tu. Akilia "mama njoo", nageuza uso asinione machozi. Kwa hilo, ndugu zangu, jitayarisheni mapema kuliko jengine lolote.

Miezi michache baadae tezi ililala kabisa, ikawa haitoi tena homoni ya kutosha. Wengi huishia hivyo, wala si kosa la daktari. Sasa kila alfajiri nameza kidonge cha homoni kabla sijatia chochote tumboni, na nitakimeza maisha. Mwenye macho yaliyotoka aseme mapema, kwani tiba hii inaweza kuyazidisha. Anayenyonyesha aachishe kwanza, wiki kadhaa kabla, na mtoto huyo asirudishwe ziwani.

Jirani yangu anataka kwenda mwezi ujao. Ana mume, na anatamani mtoto wa pili. Nimemwambia apime mimba kabla hajakata tiketi, na akishatibiwa asubiri miezi 6.