Jibu: Fomu ya YAML ndani ya VS Code, usiandike faili zima upya

Mkuu, umeuliza kuhusu fomu unayoijenga ndani ya VS Code, kihariri cha kodi, ili mhasibu ajaze visanduku badala ya kuhariri kwa mkono faili la YAML (faili la maandishi linalopanga data kwa mistari na nafasi). Usimkabidhi hiyo fomu. Umeeleza kwamba akibonyeza Hifadhi, programu yako inasoma faili la YAML, inaligeuza kuwa objekti (data ndani ya programu), inabadilisha thamani moja, halafu inaandika faili zima upya. Hapo ndipo tulipoumia sisi.

Nilijenga kitu hicho hicho kwa duka la vipuri pale Gerezani, Kariakoo. Faili moja la wateja wa mkopo, jingine la matawi. Wenye duka walichoka kuhesabu nafasi mwanzoni mwa mistari, wakataka visanduku vya kujaza. Fomu ilitoka nzuri. Mhasibu akarekebisha jina la mteja mmoja, akahifadhi, na kwingine kote faili likabadilika bila yeye kuona, maana fomu haionyeshi kilicho nje ya visanduku vyake.

Kadi ya mteja namba 0712 ikawa 458. YAML 1.1, toleo la mwaka 2005, inasoma namba inayoanza na sifuri kwa msingi wa nane. Kadi 0718 ikabaki kama ilivyo kwa sababu tarakimu 8 haimo katika msingi huo, na ndiyo maana tulichelewa kushtuka: ukitupia jicho orodha, kadi nyingi ziko sawa. Tawi la Mbagala lilikuwa linafunga saa kumi na mbili na nusu jioni, limeandikwa 12:30. Likatoka 750, kwa kuwa toleo lile linachukua hiyo kama hesabu ya msingi wa sitini, yaani 12 mara 60 ujumlishe 30. Toleo la 1.2 la mwaka 2009 liliondoa mambo yote hayo mawili, lakini visomaji (kodi zinazosoma YAML) vya 1.1 bado vipo kwenye miradi ya watu, na chetu kilikuwa kimojawapo. Angalia chako ni kipi.

Namba zingerekebishika. Kilichotugharimu pesa ni maelezo. Mhasibu wa zamani alikuwa na kawaida ya kuandika pembeni ya jina, baada ya alama ya #, maneno kama "asipewe mzigo mpaka amalize deni la Februari". Kisomaji chetu kiliyaruka maelezo wakati wa kusoma, kwa hiyo wakati wa kuandika hayakuwepo tena. Yote yakafutika kwa mbofyo mmoja. Watu waliokuwa na onyo wakachukua giaboksi nyingine kwa mkopo, na wapo ambao hawajakanyaga tena Gerezani. Faili lilikuwa kwenye folda ya pamoja, bila git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili), bila nakala. Madeni tuliyafukua kwenye kaunta buku, ukurasa kwa ukurasa, mhasibu mpya akilia.

Aliyenielekeza kuandika faili zima upya alikuwa mkubwa wangu kazini. Nilimuuliza kuhusu maelezo, akaniambia data ni data, maelezo ni mapambo. Baadaye nikaja kuona alikochota: mfano rasmi wa VS Code wa kihariri maalumu nao unabadilisha hati nzima kila mara, lakini wenyewe wameandika humo humo kwenye kodi kwamba wamefanya hivyo kwa ajili ya mfano tu, na programu kamili inatakiwa ikokotoe mabadiliko madogo. Yeye alinakili kodi, onyo akalifuta. Mpaka leo sijamsamehe, maana wateja wa yule mama mwenye duka hawakuwa mfano.

Kwa hiyo sikiliza: fomu iguse herufi za thamani aliyobadilisha mtu, na isiguse kingine chochote. Maandishi yaliyomo kwenye faili ndiyo data yenyewe, fomu inayasoma tu na kuyaonyesha. Kwa YAML tumia maktaba ya JavaScript inayoitwa yaml, sehemu ya parseDocument. Inatunza maelezo, na kila thamani inakuja na range, yaani inapoanzia na inapoishia kwenye maandishi. Chukua mipaka hiyo, tengeneza WorkspaceEdit (badiliko la maandishi unaloipa VS Code) ya kipande hicho pekee. Ctrl+Z nayo itafanya kazi yenyewe. Ukiwa na JSON, muundo mwingine wa faili za data, maktaba ya jsonc-parser ina modify inayokupa mabadiliko madogo tayari. Sehemu ambayo fomu yako haiitambui iache ilivyo, hata kama unaona haina maana. Kuna mtu aliiweka kwa sababu yake.

Na namba za kadi, za simu, za leseni, zote ni maandishi. Zifunge kwa alama za nukuu, hata fomu yenyewe inapoziandika.

Uliuliza pia kuhusu React, maktaba ya kujengea mwonekano wa fomu, na rangi za visanduku. Tumia unachokijua.

Kabla ya hayo yote, weka faili halisi la mhasibu kwenye git, lenye maelezo yake yote. Lifungue kwa fomu yako, badilisha herufi moja ya jina la mteja, hifadhi, kisha endesha git diff, amri inayoonyesha mistari iliyobadilika. Ukiona zaidi ya mstari mmoja umebadilika, hiyo fomu haijafika kwa mtu. Ibandike hiyo diff hapa tuitazame, na useme ni maktaba gani na toleo gani unalotumia.